Apatimenti ya Kigoma: itazame ziwa au itazame mlima?

Madalali wengi huonyesha apatimenti asubuhi, na kwa zile zinazotazama ziwa hiyo ndiyo saa yake nzuri kuliko zote. Jua liko nyuma ya jengo, sebule ina ubaridi, Tanganyika imetulia na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Mtu analipa kodi ya miezi sita papo hapo. Anahamia, anapanga vitu, na saa kumi na moja jioni ya siku ya kwanza anakuta sofa halikaliki, televisheni haionekani kwa mwako, na pazia jipya limeshika joto kama pasi.

Ulinganisho huu ni kwa anayechagua kati ya apatimenti mbili za ghorofani mjini Kigoma: moja madirisha yake yanatazama magharibi, ziwani, nyingine mashariki, kwenye vilima na upande wa eneo la Mwanga. Vyumba vinaweza kulingana, jiko likalingana, hata marumaru zikawa za katoni moja. Bado ni nyumba mbili tofauti kabisa kwa kuishi na kwa kupamba. Ushauri wetu ni kwamba uchague kwanza mwelekeo wa madirisha na namba ya ghorofa. Rangi, pazia na fanicha zifuate baada ya hapo, maana mwelekeo na ghorofa huwezi kuvibadilisha ukishasaini mkataba.

Jua la Kigoma linachelewa kuzama

Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45 za longitudo ya mashariki. Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takribani saa nzima. Jua la utosi huku ni saa saba mchana, na kuzama ni karibu na saa moja jioni. Kuna miezi linapita hata saa moja na robo. Dar es Salaam tofauti hiyo ni kama dakika 23 tu. Aliyehamia kutoka Dar amezoea kwamba saa kumi na mbili jioni jua limekwisha nguvu. Kigoma, saa hiyo bado linaingia dirishani, tena likiwa chini kiasi cha kufika ukuta wa ndani kabisa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu balkoni. Wanaona sakafu ya balkoni ya juu imetokeza mita 1.2 mbele ya dirisha lao, wanadhani kivuli kipo. Saa kumi alasiri jua liko kwenye pembe ya nyuzi kama 45, na kivuli cha mita 1.2 kinashuka mita 1.2 kutoka juu: zaidi ya nusu ya mlango wa kioo wa mita 2.1 imefunikwa. Saa kumi na moja pembe ni nyuzi 30 na kivuli kinashuka sentimita 70 tu. Saa kumi na mbili ni nyuzi 15, na kivuli ni sentimita 32. Yaani muda ambao watu wanarudi nyumbani ndio muda ambao balkoni haikingi karibu chochote. Hata ya mita 2, ambayo ni adimu, saa kumi na moja inakinga mita 1.15.

Madirisha ya kaskazini na kusini yana hali nyepesi zaidi. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu ya kichwa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba linapita kaskazini, na miezi mingine linapita kusini. Kwa pande hizo mbili jua la mchana huwa juu sana, hivyo kibaraza kidogo cha sentimita 60 kinatosha. Dirisha la magharibi halina mwezi wa kupumzika. Hupigwa mwaka mzima, tofauti ni mawingu ya masika tu.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua apatimenti ya kona, ichukue. Kona ya mashariki na kusini ndiyo tunayoipendelea kuliko zote: asubuhi inapata mwanga, miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki unaingia dirisha moja na kutokea lingine, na ukisimama kwenye dirisha la kusini mara nyingi unapata kipande cha ziwa bila kulipia jua lake.

Ukichukua ya ziwani

Ya ziwani inafaa ikiwa mwenye nyumba anakuruhusu kufunga kitu upande wa nje wa kioo. Hili liulize kabla ya kulipa, na liandikwe kwenye mkataba. Sababu ni rahisi: pazia la ndani linazuia mwanga ambao tayari umepita kioo. Joto limeshaingia, limebaki kati ya kioo na kitambaa, na linapanda juu na kusambaa chumbani. Kivuli cha nje kinalizuia kabla halijafika.

Vya nje viko vya namna mbili vinavyofaa kwa Kigoma. Cha kwanza ni mkeka wa matete au mianzi unaokunjwa kwenda juu, unaoning'inizwa kwenye ukingo wa balkoni. Unapendeza, unapitisha upepo, na ukiwa umeshushwa nusu bado unaona maji chini yake. Kasoro yake ni upepo. Mkeka ambao haukufungwa chini unapiga nguzo usiku kucha na kukatika kamba ndani ya msimu mmoja. Weka bomba jembamba la chuma kwenye upindo wa chini na ndoano mbili kwenye nondo za balkoni, na ukunje kila dhoruba inapokuja. Matete hayastahimili mvua ya Novemba hadi Aprili zaidi ya misimu miwili au mitatu hivi, kwa hiyo hesabu kwamba utabadilisha.

Cha pili ni neti ya kivuli, ile ile wanayotumia wakulima wa mboga na vitalu vya miche, inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Chukua ya asilimia 50 hadi 70. Ya 80 inaua mandhari uliyolipia. Kata iwe pana kuliko uwazi kwa sentimita 10 kila upande, kunja kingo mara mbili ushone, toboa na kutia vikuku vya chuma kila sentimita 50, kisha ipitishe kwenye waya wa milimita 3 uliokazwa juu na chini. Nyeusi inaonekana mbaya ukiwa nje ila ukiwa ndani macho huipita na kuona ziwa. Ya kijani huonekana nzuri nje na hutia kila kitu ndani rangi ya kijani, hata nyuso za wageni. Sisi tungechukua nyeusi au ya kijivu.

Mwenye nyumba akikataa vyote, inabaki stika ya kioo. Chagua ile ya kurudisha mwanga, yenye sura ya kioo cha kujitazamia, usichukue nyeusi tu. Stika nyeusi hainyimi joto njia. Inalinyonya, na kioo cha kawaida chenye joto katikati na ubaridi kwenye fremu kinaweza kupasuka chenyewe. Jua pia kwamba stika ya kurudisha mwanga inakuficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa ndani inageuka: wewe huoni nje, wa nje wanakuona. Lazima pazia liwepo bado.

Na pazia la magharibi lina hesabu yake. Fimbo ianze sentimita 15 hadi 20 juu ya fremu na ipitilize sentimita 20 hadi 25 kila upande, la sivyo jua la jioni linapenya pembeni kama mstari wa moto kwenye ukuta. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha. Nyuma yake shona bitana nyeupe; hiyo ndiyo inayofanya kazi, kitambaa cha mbele ni cha macho. Ukitaka kutumia kitenge, na Kigoma vitenge havikosekani, kifue kabla ya kukata kwa sababu pamba hupungua. Kitenge kimoja cha yadi 6 ni mita 5.5 hivi kwa upana wa kama sentimita 115. Kinatoa vipande viwili vya mita 2.4 na kubakisha kitambaa cha mto mmoja, kwa hiyo kinatosha dirisha la mita 1.2. Dirisha la mita 1.8 linataka vitenge viwili: vipande vitatu vya pazia, cha nne kifanye foronya. Bila bitana, kitenge chekundu au cha buluu iliyokolea kwenye dirisha la magharibi kitapauka mikunjo kwa mikunjo, na hakitarudi.

Rangi ya ukuta upande huu isiwe ya joto. Mwanga wa jioni wa Kigoma tayari una udhahabu; ukuta wa krimu au njano hafifu utaonekana wa chungwa kuanzia saa kumi na moja. Kijivu chepesi chenye ubuluu kidogo, au kijani kilichopauka kama mgongo wa jani la mchikichi, hutulia. Paka kwanza kipande cha mbao laini cha nusu mita kwa nusu mita, kiegemeze kwenye ukuta unaopigwa na jua na ukitazame asubuhi, saa kumi na moja, na usiku taa ikiwaka. Kuhusu kiasi: chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.8 kina mita za mraba 42. Ukitoa mlango na dirisha inabaki 38. Mikono miwili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwenye ukuta uliokwishapigwa skimu na praima, kwa hiyo ndoo mbili za lita 4 zinatosha. Ukuta mbichi usio na praima hunywa zaidi, na hapo ndipo fundi anaporudi kudai ndoo ya tatu.

Sofa la ngozi ya bandia usiliweke huku kabisa. Jua hukausha kile kilainishi kilicho ndani ya plastiki, na ndani ya muda mfupi linaanza kumenyuka kwenye viegemeo vya mikono. Sofa la kitambaa, rangi ya kati, lipe mgongo dirisha au liweke ubavu. Televisheni iende kwenye ukuta wa kaskazini au wa kusini; ikitazama dirisha la ziwa ni kioo, na ikiwa imelipa mgongo utakuwa unakodoa macho kila jioni.

Faida moja ya ziwani husahaulika. Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Nondo za balkoni, bawaba na friji haviliwi na kutu kwa kasi ya nyumba za ufukweni Dar. Ila maji yenyewe yana madini na alkali, pH yake ziwani ni karibu 9, na bomba la mji linatokana na ziwa. Utaona utando mweupe kwenye birika, kwenye kichwa cha bafu na kwenye vioo vilivyomwagikiwa. Loweka kichwa cha bafu kwenye siki au maji ya ndimu nusu saa kila mwezi. Ukikiacha, matundu huziba na watu hulaumu presha ya tangi.

Ukichukua ya mlimani

Huku kuna machache ya kupigania. Jua linaingia asubuhi, kuanzia linapochomoza karibu saa moja hadi kama saa tano, wakati hewa bado ni baridi. Mchana nyumba inakaa kwenye kivuli chake. Kwa familia yenye mtoto mdogo au mzee anayeshinda ndani, au anayefanyia kazi nyumbani, jibu letu ni hili bila kusita.

Tatizo lake ni giza la alasiri. Kuanzia saa tisa sebule inafifia, hasa ghorofa za chini zinazotazamana na kilima au jengo jirani. Hapa ndipo rangi za joto zinapofaa: nyeupe yenye umanjano kidogo, krimu, udongo hafifu. Dari ibaki nyeupe kabisa isiyong'aa. Kioo kikubwa cha ukutani kiwekwe kwenye ukuta unaokutana na dirisha kwa pembe, sentimita 50 hivi kutoka kwenye fremu, kisukume mwanga ndani. Kikitazamana na dirisha moja kwa moja kinarudisha sehemu ya mwanga nje. Balbu chukua za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000 kwa sebule na chumba cha kulala. Zile nyeupe zenye ubuluu za 6500 ziende jikoni. Chumba cha mita za mraba 14 kinataka balbu mbili za LED za wati 9 au 10 na taa moja ya mezani. Balbu moja katikati ya dari huacha kona zote nne gizani, na chumba kinaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Vumbi ni la huku zaidi. Juni hadi Septemba barabara zisizo na lami hupandisha udongo mwekundu, na dirisha la mashariki linalotazama barabara hulipokea lote. Zulia lenye manyoya marefu litakutesa. Mkeka wa ukindu unatikiswa balkoni na kazi imekwisha.

Uliza pia kama apatimenti ina madirisha pande mbili. Majengo mengine yana korido katikati na kila nyumba ina upande mmoja tu. Hapo upepo unagonga dirisha na kurudi. Hewa haina pa kutokea. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na nyumba ya mlimani yenye upande mmoja haiupati. Dawa ni mlango wa wavu na nondo kwenye korido ili ule wa mbao ukae wazi, kama jengo linaruhusu. Angalia na madirisha: ya alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu ya ukubwa wake, wakati ya kusukuma nje hufunguka yote. Na kwenye hayo ya kuteleza, kagua reli ya chini. Ina matundu madogo ya kutolea maji upande wa nje. Yakizibwa na rangi, saruji au vumbi, dhoruba ya kwanza hujaza reli na maji hufurikia ndani, kisha fundi analaumiwa kwa silikoni isiyo na kosa.

Ghorofa ya ngapi?

Ghorofa za Kigoma si minara ya Dar, na majengo ya ghorofa tatu au nne kwa kawaida hayana lifti. Kila ghorofa ni takribani mita 3, yaani ngazi 17 au 18. Ya tatu ni zaidi ya ngazi 50, na mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa una uzito wa kama kilo 30. Hesabu hiyo ifanye ukiwa na mzigo mkononi.

Presha ya maji huenda kinyume na matarajio ya wengi. Tangi likiwa juu ya paa, kila mita 10 za kushuka hutoa presha ya takribani bari 1. Aliye chini ya tangi kwa mita 2 tu, yaani ghorofa ya mwisho, ana bari 0.2. Maji yanatiririka kwa unyonge, na hita nyingi za kuogea za papo kwa papo hazitawaka kwa sababu swichi yake ya presha haisukumwi. Wa ghorofa mbili chini yake ana karibu bari 0.8 na anaoga vizuri. Ukipenda ya juu kabisa, uliza kama kuna pampu ndogo ya kuongeza presha, na fungua bafu na sinki kwa pamoja wakati wa ukaguzi.

Uliza tangi ni la lita ngapi na linahudumia kaya ngapi. Kaya ya watu wanne ikitumia lita 50 kwa mtu ni 200 kwa siku. Kaya nane ni 1,600, kwa hiyo tangi la 5,000 ni siku tatu pindi bomba likikatika. Wengine hutaka kujiongezea tangi lao balkoni. Lita 500 ni nusu tani, na balkoni ni zege lililoning'inia likishikwa upande mmoja tu. Usiweke. Ndoo zenye mifuniko au pipa la lita 100 liende bafuni au jikoni, karibu na ukuta.

Ya juu kabisa pia inabeba paa. Kama kuna bati na dari, joto la mchana hupungua upesi jua likizama, lakini mvua hupiga kelele. Kama ni zege tupu, zege hunywa joto mchana kutwa na kulitoa hadi usiku wa manane. Weka kiganja kwenye dari saa kumi na moja jioni. Ukihisi uvuguvugu, kiyoyozi chako kitafanya kazi mara mbili. Ya chini kabisa ina ubaridi, na pia ina mbu zaidi, wapita njia na unyevu. Kwa majengo yaliyo karibu na maji tafuta alama za mafuriko ukutani: kuanzia mwaka 2020 ziwa limepanda na kuingia katika majengo ya ufukweni. Anayenunua akumbuke eneo la hifadhi la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa lililowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Tungechagua ghorofa moja chini ya ile ya mwisho. Inapata upepo na mandhari, paa si lake, na maji yanafika.

Kuna jambo linalohusu ghorofa zote. Kigoma imekaa kwenye bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika, na kadiri unavyopanda jengo ndivyo linavyoyumba zaidi. Kabati refu lifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Kwenye ukuta juu ya kitanda weka kitambaa kilichotandazwa au mkeka uliofumwa, fremu nzito yenye kioo ihamie ukuta mwingine.

Jiko la wazi au lenye mlango

Apatimenti mpya nyingi zinajengwa jiko likiwa wazi kuelekea sebuleni, na kwa picha linapendeza. Kwa chakula cha Kigoma lina gharama. Migebuka ya kukaanga, dagaa na mawese hutoa mvuke wa mafuta unaonata kwenye pazia na sofa, na harufu yake haitoki kwa kufungua dirisha dakika kumi. Kama unakaanga samaki mara mbili kwa wiki au zaidi, chukua lenye mlango hata likiwa dogo. Kama umeshapenda la wazi, liwe na dirisha lake lenyewe, na feni ya kutoa moshi ipeleke moshi nje kwa bomba la sentimita 15. Zile zinazochuja na kurudisha hewa ndani hupunguza mafuta kidogo, mvuke na joto vinabaki. Pazia la sebule karibu na jiko la wazi liwe la kitambaa kinachofulika nyumbani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni. Jiko lazima liwe na tundu la hewa chini, karibu na sakafu, siyo juu tu. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya apatimenti hata dirisha likiwa wazi. Sumu yake haina harufu, na chumba cha ghorofani hakina mianya ya nyumba ya uani.

Feni, kiyoyozi na fanicha

Chumba cha kulala cha mlimani kinatosheka na feni ya dari karibu mwaka mzima. Wati 60 hadi 70 kwa saa nane ni nusu yuniti ya LUKU. Cha ziwani kisicho na kivuli cha nje kitadai kiyoyozi cha BTU 12,000 mahali ambapo cha mlimani kingetosha 9,000, na saa tano za jioni zinaweza kula yuniti nne au tano. Linganisha hilo na bei ya neti ya kivuli. Feni ya dari ining'inizwe kwenye zege kwa ndoano, kamwe siyo kwenye jipsamu, na mapanga yawe mita 2.3 au zaidi kutoka sakafuni.

Fanicha ipime kwa ngazi kabla ya kuipima kwa chumba: upana wa ngazi, upana wa kituo cha kugeukia, na mlango, ambao mara nyingi ni sentimita 80 hadi 90. Kitanda cha futi sita kwa sita kiwe cha kufungua kwa bolti. Kabati la urefu wa mita 2.1 na kina cha sentimita 60 linahitaji dari ya mita 2.2 ili lisimame kutoka kulala. Kwenye jipsamu iliyoshushwa pembeni linakwama. Tuna bahati ya kuwa karibu na misitu ya miombo: mninga na mkurungu zinapatikana, na mninga uliokauka vizuri haupindi kirahisi. Mwambie seremala akuonyeshe mbao ilipokuwa ikikaushwa. Mbao mbichi ikiingia chumba cha ziwani, jua la jioni hufungua viungo vyake ndani ya miezi. Fanicha za unga wa mbao uliogandishwa ni nyepesi kupandisha, lakini zikiloa chini kwa deki ya kila siku huvimba na hazirudi. Ziwekee miguu ya sentimita 5.

Kutoboa ukuta wa mwenye nyumba

Juu ya dirisha kuna linta, yaani boriti ya zege. Msumari wa zege hupasua plasta na kushika kidogo, kisha pazia lenye bitana linaanguka na kipande cha ukuta. Tumia drili ya kupiga nyundo, biti ya milimita 8, kina cha sentimita 6, plagi ya plastiki na skrubu ya milimita 5 kwa 60. Fimbo inayozidi mita 1.8 iwe na vishikio vitatu. Kwenye ukuta wa kawaida usitoboe juu wala chini ya swichi kwa mstari wima, maana nyaya hupita humo.

Kabla ya kulipa, omba mkataba utaje mambo manne: matundu mangapi unaruhusiwa, nani anayaziba ukihama, kama unaweza kubadili rangi na kuiacha, na kivuli cha nje. Anayenunua chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 aulize zaidi, kwa kuwa ukuta wa nje na paa ni vya wamiliki wote, na neti yako ya balkoni huenda ikahitaji ridhaa yao. Mwisho, rudi kwenye zote mbili saa kumi na moja jioni, siku isiyo na mawingu, bila dalali ikiwezekana, na ukae sebuleni nusu saa mapazia yakiwa wazi.